Siku Moja Mezani pa Fundi wa Stirio, Langoni, Lamu

Saa 1:30 asubuhi

Karakana yangu iko Langoni, katika chumba cha chini cha nyumba ya mawe karibu na Usita wa Mui, na kazi yangu ni kutengeneza vyombo vya sauti vya zamani: amplifaya, redio za mezani, deki za kaseti na mashine za santuri ambazo wenyewe wamekataa kuzitupa. Wageni hustaajabu kusikia kwamba kazi ya namna hii bado inalipa. Amplifaya iliyoundwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1970 ina vipuri vinavyoonekana kwa macho, vinavyopimika kimoja kimoja na vinavyoweza kutolewa kwa mkono, kwa hiyo ni nadra kukosa kutengenezeka. Na hewa ya Lamu, yenye chumvi mwaka mzima, huhakikisha kwamba haikosi kuharibika.

Kabla ya kuwasha hata feni, napima umeme wa ukutani. Kiwango cha kawaida hapa nchini ni volti 240, lakini leo mita inasoma 251. Hilo ni la kuzingatia, kwa sababu mashine nyingi za zamani zina kiteuzi cha volti mgongoni, na aliyeinunua yake ikiwa imewekwa kwenye 220 kwa kawaida hajawahi kukigusa. Mashine kama hiyo haifi kwa siku moja. Hupata joto kuliko inavyostahili kila inapowashwa, na joto ndilo linalozikausha kapasita za elektroliti, yaani vipuri vya kuhifadhi umeme ambavyo ndani yake mna majimaji. Kwa makadirio ya wahandisi, maisha ya kapasita ya aina hiyo hupungua kwa nusu kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi.

Mpwa wangu, ambaye anajifunza kazi, anafika akiwa bado anatafuna mahamri, na kabla hajaketi namtuma kuyafuta makopo ya vipuri. Transista na rezista zangu zote hukaa katika makopo yenye vifuniko vya kubana, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, kwa kuwa miguu ya transista iliyoachwa wazi hapa kwa msimu mmoja wa kusi huwa myeusi na hukataa risasi ya kulehemu.

Saa 2:15 asubuhi

Mteja wa kwanza ni mwalimu mstaafu wa Mkomani, na nyuma yake hamali anasukuma mkokoteni wenye amplifaya iliyofungwa ndani ya shuka.

“Sabalkheri, fundi.”

“Sabalkheri, Mwalimu. Karibu. Nini kimeipata?”

“Upande wa kushoto huzimika wenyewe. Nikipandisha sauti sana, hurudi kwa kishindo. Nikiishusha, baada ya nusu saa umezimika tena.”

Maelezo hayo yana thamani kubwa kuliko vifaa vyangu vingi, na ndiyo maana sipendi mteja aniachie mashine mlangoni na kwenda zake. Sauti inayopotea ikiwa ndogo na kurudi ikiwa kubwa huashiria mahali ambapo chuma kinagusana na chuma kingine kupitia utando wa kutu: mawimbi madogo hushindwa kupenya utando huo, makubwa huupasua kwa muda. Transista iliyokufa haina tabia ya kufufuka kwa kuongezewa sauti. Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, tayari nimekwisha kuwa na orodha fupi ya watuhumiwa: swichi, soketi, kifundo cha sauti, na rilei ya spika, yaani swichi ya sumaku inayoziunganisha spika na amplifaya.

Nikamwuliza mashine inakaa wapi nyumbani na nani amewahi kuifungua. Jibu la kwanza lilikuwa nililolitazamia: inakaa ndani ya kidaka cha ukutani, imesukumwa mpaka mwisho, ubao wa mbele tu ukionekana. Vidaka vya nyumba zetu vilijengwa kwa ajili ya vyombo vya kauri, ambavyo havitoi joto. Jibu la pili lilikuwa kwamba kijana mmoja alipulizia “dawa” ndani ya kifundo cha sauti, ikawa nzuri kwa wiki moja. Nikanusa. Ilikuwa mafuta ya kulegezea kutu ya bawaba na kufuli, ambayo hulainisha kwa siku chache, kisha hukusanya vumbi na kulifanya tope.

Saa 2:50 asubuhi

Tumeifungua. Kazi ya kwanza ndani ya sanduku la amplifaya yoyote ni kuhakikisha kwamba haitakuua. Hii ina kapasita mbili kubwa za maikrofaradi 10,000 kila moja, zinazoshikilia takriban volti 45 kila mashine inapofanya kazi, na umeme huo unaweza kubaki humo baada ya plagi kung’olewa. Baadhi ya mafundi huziunganisha ncha kwa bisibisi, cheche ikaruka, wakacheka. Mimi hutumia rezista ya omu 100 na wati 10 iliyofungwa kwenye waya wenye mpini wa plastiki. Naigusisha kwa sekunde tano hivi, halafu napima kwa mita mpaka nione isomayo karibu na sifuri. Mpwa wangu haruhusiwi kuingiza kidole kabla hajanisomea namba hiyo kwa sauti.

Baada ya kupuliza vumbi na kutoa mayai ya mjusi, ambayo nimezoea kuyakuta karibu na transfoma, nikaiwasha kupitia balbu. Huu ni ujanja wa zamani ambao kila fundi anayejiheshimu anao: balbu ya wati 100 imeunganishwa kwa mfululizo kati ya umeme wa ukutani na mashine. Mashine ikiwa na shoti ndani yake, balbu huwaka kwa nguvu zake zote na kuuzuia mkondo usiteketeze kitu. Ikiwa salama, balbu hung’aa kwa muda mfupi wakati kapasita zinajaa, kisha hufifia. Ni lazima iwe balbu ya waya. Zile za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii, nami hununua za waya popote nizionapo.

Balbu iling’aa, ikafifia. Sekunde chache baadaye rilei ikalia “tak”, maana yake saketi ya ulinzi imeridhika. Nikaitoa kwenye balbu na kuiunganisha na umeme kamili, baada ya kuhamisha kiteuzi cha volti kutoka 220 hadi 240. Naam, kilikuwa kwenye 220.

Saa 3:20 asubuhi

Hapa ndipo wanagenzi wengi hupotea, kwa kuwa mkono huwasha chuma cha kulehemu kabla ya akili kujua kinakwenda wapi. Nikamwambia mpwa wangu aifuate sauti kutoka inakoingia hadi inakotokea.

“Mjomba, si tubadilishe kapasita zote kwanza? Ni za zamani.”

“Umezipima?”

Hakuwa amezipima. Tukaanza na jambo lisilohitaji kifaa chochote: kubadilishana nyaya za spika, ya kushoto ikaenda kulia. Ukimya ukabaki kwenye tundu la kushoto la amplifaya, spika ikawa imesafishwa jina. Kisha tukabadilishana nyaya za kuingizia sauti kutoka kwenye simu. Ukimya haukuhama, kwa hiyo chanzo nacho hakina lawama. Nyuma ya mashine hii kuna vijipini viwili vya chuma vyenye umbo la herufi U vinavyounganisha sehemu ya awali na sehemu ya nguvu. Tukaving’oa na kuzivusha nyaya, ya kushoto ikaingia kulia, na ukimya bado ukakaa kushoto. Kwa hatua hizo tatu, nusu nzima ya mbele ya mashine, pamoja na kifundo cha sauti chenye mafuta ya bawaba, ilitoka katika orodha. Kifundo kilihitaji kusafishwa, lakini hakikuwa chanzo cha maradhi.

Nikavaa hedifoni. Katika modeli hii soketi ya hedifoni huchukua sauti kabla ya rilei, na masikio yote mawili yalipata sauti sawasawa ilhali spika ya kushoto ilikuwa kimya. Kilichobaki kati ya hapo na spika ni rilei na swichi ya kuchagulia spika, basi.

Kuhusu kapasita, tulizipima pia, kwa sababu swali la kijana lilikuwa la haki. Umeme wetu ni wa hezi 50, na ukipita kwenye dayodi za kunyoosha mkondo huacha mawimbi ya hezi 100 ambayo kapasita kubwa zina wajibu wa kuyalainisha. Nikaweka mita kwenye mkondo geu (AC) juu ya kila reli ya umeme, yaani kila njia inayolisha mashine: mawimbi yalikuwa madogo, na karibu sawa pande zote mbili. Zingekuwa zimekauka, tungesikia mngurumo mzito ndani ya spika hata bila muziki. Zikaachwa mahali pake. Kuna mtindo siku hizi wa kung’oa kila kapasita katika mashine iliyozidi miaka 40, na siukatai kabisa, lakini bodi za enzi zile zina njia nyembamba za shaba ambazo hubanduka zikichomwa ovyo, na mara nyingi fundi wa pili hulazimika kutengeneza alichokifanya fundi wa kwanza.

Saa 4:40 asubuhi

Msimamizi wa nyumba moja ya Shela amekuja kwa mashua na risiva, yaani amplifaya yenye redio ndani yake, nzuri sana, imara, haina hata mkwaruzo. Imetoka Japani katika mitumba. Aliichomeka ukutani, ikalia “pu”, basi.

Maandishi ya mgongoni yanasema volti 100. Huo ndio umeme wa majumbani mwa Japani, na mashine zilizoundwa kwa soko la ndani la huko mara nyingi hazina kiteuzi chochote. Bahati yake ni kwamba fyuzi iliungua kabla ya transfoma: nilipima msokoto wa kwanza wa transfoma nikaukuta mzima. Nikamweleza kwamba fyuzi mpya pekee itampa “pu” nyingine. Anahitaji transfoma ya nje ya kushusha volti kutoka 240 hadi 100, na kwa kuwa risiva imeandikwa wati 250, nikamshauri atafute ya 500, isifanye kazi ikiwa imejinyonga.

Kisha nikampa habari iliyomuuma zaidi. Redio ya FM ndani ya mashine hiyo inaanzia megahezi 76 na kuishia 90, kama mawimbi ya Japani yalivyopangwa wakati huo, ilhali stesheni zetu hutangaza kati ya 88 na 108. Karibu kila stesheni anayoitaka iko nje ya kipimo cha redio yake. Kuna mafundi wanaojaribu kuzirekebisha koili za ndani ili kusogeza kipimo. Mimi humwambia mteja aitumie kama amplifaya, aunganishe simu kwenye tundu la AUX na aisahau redio. Nilisisitiza AUX, kwa sababu tundu la jirani limeandikwa PHONO, nalo ni la mashine ya santuri: hukuza sauti takriban mara 100 na kuongeza besi kwa makusudi, na simu ikichomekwa humo hutoa kishindo kilichopasuka ambacho watu hudhani ni spika kufa.

Saa 5:15 asubuhi

Nilirudi kwa rilei. Ni kisanduku cha plastiki inayoonyesha ndani, ukubwa wa kiberiti, na ndani yake mna sumaku ya umeme inayovuta vibati viwili vya chuma, kimoja kwa kila spika. Kazi yake ni ulinzi. Transista ya mwisho ikiungua na kutaka kumwaga mkondo mnyoofu (DC) ndani ya spika, rilei huachia na spika ikasalimika. Kwa hiyo sauti yote ya nyumba hupitia kwenye nukta mbili ndogo, zisizozidi kichwa cha pini, zinazokutana kwa shinikizo la springi nyepesi.

Ili kuthibitisha, niliziondoa spika na mahali pake nikafunga rezista kubwa za omu 8 juu ya bamba la alumini, nikacheza mlio wa hezi 100 kutoka kwenye simu, nikapandisha sauti mpaka mita ikasoma volti 2.83, ambazo kwa omu 8 ni sawa na wati moja. Mlio wa hezi 100 una sababu yake: mita za bei nafuu hudanganya zikipimishwa mawimbi ya kasi. Upande wa kulia, volti 2.83 ziliingia kwenye rilei na 2.82 zikatoka. Upande wa kushoto ziliingia 2.83, na kwa upande wa pili mita ikacheza kati ya 0.9 na 1.6 bila kutulia. Nilipogonga kisanduku kwa mpini wa bisibisi, namba ikaruka hadi 2.7, ikashuka tena.

Ushahidi zaidi ya huo wa nini? Tulizima, tukaing’oa rilei, tukafungua kifuniko chake na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Nukta za kulia zilikuwa na rangi ya fedha iliyofifia. Za kushoto zilikuwa nyeusi, na katikati ya weusi kulikuwa na kishimo kilichochimbwa na cheche, na ukingoni mwake ukungu wa kijani ambao kila mwenye kufuli la shaba mjini humu anaujua.

Mpwa wangu akaleta msasa, nikamrudisha nao. Nukta hizo zimepakwa tabaka jembamba la chuma kinachopitisha umeme vyema, na msasa huliondoa. Zitang’aa leo na kuwa nyeusi upesi kuliko mwanzo. Ukiwa huna mbadala, chukua ukanda wa karatasi ngumu uliolowa alkoholi, uupitishe katikati ya nukta huku ukizibana kidogo, urudie mpaka karatasi itoke safi. Lakini mbadala ninao. Nilitafuta rilei yenye koili ya volti 24, mpangilio uleule wa miguu na viguso vinavyomudu ampea si chini ya vile vya awali. Kosa la kawaida ni kutazama umbo tu na kusahau volti ya koili: rilei ya volti 12 mahali pa 24 hufanya kazi vizuri sana hadi inapoungua.

Saa 6:20 mchana

Adhuhuri, chakula, na kulala kidogo.

Saa 8:10 mchana

Mchana ni wa deki ya kaseti ya bibi mmoja wa mtaa wa Gadeni, aliyeniletea wiki iliyopita pamoja na mfuko wa kaseti za harusi za watoto wake. Kilio chake kilikuwa kifupi: “Mwanangu, inawaka taa, haizunguki.” Mara nyingi ni mkanda. Ndani ya deki, mota huzungusha gurudumu zito kwa mkanda wa mpira, na mipira ya miaka ya 1980 mingi huishia kuyeyuka. Huu ulikuwa umegeuka kitu cheusi kinachonata kama lami, kimejipaka kwenye puli, kwenye gurudumu na kwenye kila kidole kilichokaribia. Mpwa wangu ameusafisha kwa vijiti vya pamba na alkoholi kwa muda mrefu, na namsifu kwa subira, kwa sababu chembe moja ikibaki kwenye puli, kasi huyumba na mwimbaji hutetemeka sauti bila kukusudia.

Mkanda mpya hauna jina wala namba ninayoijua, kwa hivyo tunapima njia yake kwa uzi, kuzunguka puli zote, na kuchagua mkanda ambao mzunguko wake ni pungufu kwa takriban asilimia 5, ili ujivute bila kuilemea mota. Kisha tunasafisha kichwa cha kusomea na shina la chuma linaloivuta tepu. Kasi sahihi ya kaseti ni sentimita 4.76 kwa sekunde, na ndani ya mota mna tundu dogo la kuirekebishia. Nina kaseti ya majaribio yenye mlio wa hezi 3,000. Simu yenye programu ya kupima marudio ya sauti ilisoma 2,940, nikaizungusha skrubu kidogo kidogo mpaka ikafika.

Tatizo kubwa ni kaseti zenyewe. Kupitia kidirisha cha plastiki naona juu ya baadhi ya marundo ya tepu unga mweupe, nao ni kuvu. Kaseti yenye kuvu haitiwi katika deki iliyokwisha kusafishwa, maana itausambaza kwenye kichwa na kuupeleka kwa kaseti inayofuata. Hizo nimezitenga. Nitazifungua moja moja, niipitishe tepu kwenye kitambaa laini katika deki ya zamani niliyoitoa kafara kwa kazi hiyo, halafu nizinakili kwa kompyuta mara moja, kwa sababu baadhi ni za dakika 120, ambazo tepu yake ni nyembamba mno na hukatika kwa urahisi. Bibi ameniambia hana haraka. Arusi zenyewe, alisema, zilichukua siku saba.

Saa 10:05 alasiri

Baada ya swala ya alasiri niliweka rilei mpya ya Mwalimu. Nilipoigeuza bodi ili kuilehemu, kioo cha kukuzia kikanionyesha jambo ambalo kipimo cha asubuhi hakikuonyesha: kuzunguka mguu wa transista moja iliyo karibu na pezi za kupozea joto kulikuwa na pete nyembamba ya giza, unene wa unywele, kati ya mguu na risasi. Ni ufa. Chuma cha mguu na ubao wa bodi hupanuka kwa viwango tofauti mashine ikipata joto, hupungua ikipoa, na baada ya miaka ya kufanya hivyo ndani ya kidaka kisichopitisha hewa risasi hukatika kwa mviringo. Ufa huo ulikuwa bado haujaleta madhara, lakini ungeyaleta, na mteja angesema fundi hakuitengeneza vizuri. Nilifyonza risasi ya zamani na kutia mpya ya bati asilimia 60 na madini ya risasi asilimia 40, ambayo huyeyuka upesi na kuihurumia bodi. Aina isiyo na madini ya risasi hutaka joto zaidi, na bodi hizi hazikuundwa kwa ajili yake. Miunganisho ya jirani nayo ikaguswa upya.

Kifundo cha sauti kilioshwa kwa dawa ya viguso mpaka mafuta ya bawaba yakatoka, kikazungushwa mwisho hadi mwisho mara nyingi, na mkwaruzo ukaisha. Swichi ya kuchagulia spika ikapata dawa hiyohiyo.

Saa 11:00 jioni

Mashine inafanya kazi juu ya rezista kwa saa nzima, kifuniko kikiwa wazi, kisha tunapima. Kwenye tundu za spika, bila muziki, pasiwe na mkondo mnyoofu wa maana: kulia milivolti 12, kushoto 31. Mimi huridhika na chochote kilicho chini ya 50. Mkondo wa kupumzikia wa transista za mwisho, yaani unaopita hata bila muziki, tunaupima juu ya rezista ya omu 0.33: milivolti 10, yaani takriban miliampea 30, pande zote mbili. Volti 2.83 zikaingia kwenye rilei kushoto na 2.82 zikatoka. Mpwa wangu aliziandika zote kwenye daftari, na tarehe, ili mashine ikirudi mwakani tuwe na cha kulinganisha.

Saa 1:15 usiku

Baada ya magharibi tuliipeleka Mkomani wenyewe, kwa sababu nusu ya makosa ya stirio hukaa nyumbani kwa mteja. Nyaya za spika za Mwalimu zilikuwa zimeungwa na waya mweupe wa taa usio na alama, na nilishuku kwamba spika moja imegeuzwa. Nikachukua betri ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye ncha za nyaya upande wa amplifaya: koni ya spika ya kulia ikasogea mbele, ya kushoto ikarudi nyuma. Spika mbili zikienda kinyume namna hiyo, moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi hupotea katikati ya chumba. Nikageuza ncha za kushoto. Mwalimu akaweka santuri, akasimama kati ya spika zake, akasema kwamba miaka yote hiyo alidhani ni udhaifu wa rekodi.

Kidaka kilituletea mjadala. Nilitaka mashine ikae juu ya meza, yenye nafasi ya kiganja juu na nyuma yake. Mkewe, Bi Mkubwa wa nyumba, alitaka meza ibaki meza. Tulikubaliana iwekwe kwenye daraja la chini la kabati ambalo halina ubao wa nyuma. Pia tuliondoa mngurumo wa hezi 50 uliokuwa ukisikika kwenye santuri peke yake: waya mwembamba wa ardhi (ethi) kutoka mashine ya santuri ulikuwa ukining’inia, nikaubana chini ya skrubu yake, mngurumo ukakatika.

Nilipotazama sindano kwa kioo, ncha yake ilikuwa imelika upande mmoja. Sindano ya namna hiyo huchonga santuri kila inapopita, na kinachochongwa hakirudi. Niliagiza nyingine kwa simu kutoka duka la Luthuli Avenue, Nairobi. Itakuja kwa basi hadi Mokowe na kwa mashua kutoka hapo. Mpaka ifike, nimeiondoa sindano na kuondoka nayo mfukoni, kwa kuwa namjua Mwalimu, naye akalipa shilingi 3,000 kwa kunung’unika, akisema hajawahi kuona fundi anayetengeneza mashine kisha akaichukua.